Siri na Uongo katika Mchezo wa Senema

Kuficha si sawa na kudanganya, na Kiswahili chaijua tofauti hiyo tangu zamani. Mwenye siri hakukuambia jambo. Mwongo amekuambia jambo lisilokuwa. Wa kwanza huenda amejisitiri tu, na sitara ni haki ya kila mtu. Wa pili amekudhulumu. Lakini mpaka baina ya wawili hao haukai mahali pamoja daima. Kadiri watu wanavyokaribiana, ndivyo kunyamaza kunavyoanza kufanana na kusema uongo. Basi huzuka swali gumu: ni katika hatua gani ya mapenzi siri ya mtu inapogeuka kuwa deni kwa mwenzake?

Swali hilo ndilo lililopaswa kuwa moyo wa Chandigarh Kare Aashiqui, senema ya Kihindi ya mapenzi na vichekesho iliyoongozwa na Abhishek Kapoor na kutolewa mwezi wa Desemba 2021. Manu, mnyanyua vyuma wa mji wa Chandigarh, anampenda Maanvi, mwalimu wa mazoezi ya dansi aliyekuja kufundisha katika jumba lake. Wanakuwa wapenzi. Kisha Maanvi anamweleza kwamba alipozaliwa alihesabiwa mtoto wa kiume, na kwamba baadaye alibadili jinsia kwa matibabu. Manu anapandwa na ghadhabu, anamtukana na kumkimbia. Halafu kidogo kidogo anasoma, anauliza, anajuta, na mwisho anarudi. Nia ya mchezo huu ni njema, wala haistahili kubezwa. Ulitoka miaka 7 baada ya Mahakama Kuu ya India kutoa hukumu, mwaka 2014, ya kutambua haki ya mtu kujitambulisha jinsia yake, na ulithubutu kulipeleka jambo hilo kwa watazamaji waliokuja kucheka.

Kasoro yake imo katika ujenzi. Waandishi hawakumficha Manu peke yake ile siri; wamemficha na mtazamaji pia. Mtazamaji haelezwi jambo waziwazi mpaka Manu aelezwe, na kwa hiyo mshtuko wa Manu unakuwa mshtuko wake. Wote wawili wamekaa upande mmoja wa meza, na Maanvi yuko upande wa pili kama mshtakiwa. Baada ya hapo mchezo unatumia muda mrefu kueleza kwamba Maanvi si mdanganyifu. Lakini maneno hayawezi kufuta kilichofanywa na mpango wa hadithi. Mtazamaji amekwisha kuhisi kwamba amedanganywa.

Na ulinganishwe mchezo huu na Mabepari wa Venisi, kama Mwalimu Nyerere alivyoufasiri mchezo wa Shakespeare mwaka 1969. Portia anaingia mahakamani katika mavazi ya mwanasheria wa kiume, na hata mumewe hamtambui. Hali za wanawake hawa wawili si moja: Portia amevaa vazi la kuazima, na Maanvi hakuvaa kitu kisicho chake. Yafaa kulinganisha jambo moja tu, yaani mahali siri ilipowekwa. Watazamaji wa Shakespeare wanaijua kabla ya Bassanio, kwa hiyo kicheko kinamwangukia Bassanio anayetazama asione. Lau waandishi wa Chandigarh wangemwonyesha mtazamaji habari ya Maanvi mapema, kila tamko la Manu la kujisifu uanaume lingechekesha na kutisha kwa pamoja, na mtazamaji angengojea kwa hofu, akiwa upande wa yule anayejua kwamba lazima aseme.

Jambo hili laonekana wazi zaidi mchezo wa namna hii unapofikiriwa katika lugha nyingine. Katika miji kama Tunduma, mkoani Songwe, ambako barabara itokayo Dar es Salaam inakutana na Zambia na madereva wa malori hungojea zamu yao ya kuvuka, kuna desturi ya kutazama senema za kigeni katika vibanda umiza huku sauti ya mtafsiri ikizifuata. Sanaa hiyo ilipewa sifa Dar es Salaam na Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mtafsiri hafasiri maneno tu: husimulia, huonya, na akitaka hutoboa siri kabla ya wakati wake, kwa sababu yeye amekwisha kuiona senema. Pengine angelitengeneza kwa sentensi moja kosa ambalo waandishi walilijenga kwa saa nzima.

Lakini naye angekutana na jambo la sarufi. Katika Kihindi, msemaji akitaja atendalo, mara nyingi kitenzi chake hubeba alama ya jinsia yake mwenyewe. Mwanamume husema karta, mwanamke karti. Kiswahili hakina jambo hilo, wala Kinyiha, wala Kinyamwanga. “Nafanya” ni ya mtu yeyote. Maanvi, basi, kila anapofungua kinywa katika lugha yake anatamka kwamba yeye ni mwanamke. Hapa ndipo hoja yote ilipo. Ikiwa ni mwanamke kweli, kama mchezo wenyewe unavyoshikilia, basi hakusema uongo hata mara moja, na kinachobaki ni habari ya maisha yake ya zamani: je, mpenzi huidai?

Hapana budi kukiri kwamba swali hilo si la upuuzi. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataja mambo machache yanayoweza kubatilisha ndoa yakiwapo siku ya kufunga, kama ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza au mimba ya mwanamume mwingine. Mtu wa Tunduma aweza kusema kwamba dereva hutangaza shehena yake kabla ya kuvuka, si baada. Hoja hiyo ina nguvu, ila forodha humwuliza kila dereva. Manu hakutangaza chochote, wala hakuna aliyemtaka atangaze. Mchezo ungeweza kuwaweka wawili hawa uso kwa uso wakajadiliana jambo hili kama watu wazima. Badala yake Manu anapewa matusi kwanza na toba baadaye, na swali linapotea katikati.

Liko na lingine. Maanvi hana haja yake mwenyewe katika hadithi ila kukubaliwa. Anayesafiri ni Manu. Maanvi ni njia anayopita. Mpaka mwisho, katika mashindano ya nguvu, anakuja kumtia moyo Manu aliyeelemewa na uzito. (Hili ni ajabu kidogo: aliyeumizwa ndiye anayefika kumwinua aliyemuumiza.) Babaye, mwanajeshi mstaafu, yuko upande wake, mamaye hajamkubali. Katika nyumba hiyo mlikuwamo mchezo mzito zaidi kuliko wa jumba la vyuma, nao umepitiwa kwa haraka, kama mgeni apitaye mlango usio wake.

Tuseme mtafsiri wa Tunduma ameishika senema hii, na amefika mahali Maanvi anapokiri. Kitenzi cha Kiswahili hakitamsaidia. Itambidi achague, papo hapo, baina ya “nilikuwa mwanamume” na “nilihesabiwa mwanamume”, na madereva waliokaa mbele yake gizani watacheka au watanyamaza kwa kadiri ya neno atakalolitwaa.