Je, Mwezi Mpevu Unaweza Kubeba Lawama ya Maafa?

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Uji wa moto uliteremka hadi Buhene, kaskazini mwa Goma, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku nne baadaye, tarehe 26 Mei, mwezi mpevu ulionekana mkubwa kuliko kawaida, kwa sababu ulikuwa umeikaribia dunia hadi umbali wa kilomita 357,000 hivi. Kesho yake wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama, na wengi wakavuka mpaka kuja Rwanda. Mambo hayo matatu yalitokea ndani ya juma moja. Si ajabu kwamba huku kwetu kando ya Ziwa Kivu wapo wanaoyaunganisha na kusema kuwa mwezi ndio uliovuta moto kutoka ardhini.

Katika insha hii nitajaribu kujibu maswali mawili. La kwanza ni la maarifa: je, mwezi mpevu ulio karibu sana unaweza kusababisha maafa? La pili ni la maadili: je, kuna ubaya wowote mtu akiamini hivyo? Wengi hulijadili la kwanza na kuliacha la pili. Kwangu mimi, la pili ndilo lenye uzito zaidi.

Nianze kwa kuwatendea haki wanaoamini. Wavuvi wa sambaza hutoka usiku na taa, kwa kuwa samaki hao hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima hung'aa, taa ya mvuvi hukosa nguvu, na nyavu hurudi nyepesi. Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi nao hupanga shughuli zao kwa kufuata bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana wakati mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwa hiyo anayesema kuwa mwezi una nguvu juu ya mambo ya dunia hasemi upuuzi.

Sayansi pia inamwongezea hoja. Kwa wastani mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kwetu. Ukikaribia hadi 357,000, nguvu yake ya kuinua maji huongezeka kwa karibu robo. Hata ardhi ngumu tunayoikanyaga hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na karibu na ikweta tofauti hiyo inaweza kupita sentimita 30. Hatuihisi kwa sababu nyumba, miti na milima hupanda pamoja nasi. Tena mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha kwamba mvuto huo unapokuwa mkali, uwezekano wa tetemeko dogo kukua na kuwa kubwa sana huongezeka kidogo.

Hata hivyo, kuwa na nguvu ni jambo moja, na kuwa chanzo ni jambo jingine. Tuchukue mlima wetu wenyewe. Katika miaka 50 iliyopita Nyiragongo imemwaga uji wake kuelekea kwenye makazi ya watu mara tatu: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 1977 mwezi mpevu ulikuwa umepita siku tano. Mwaka 2002 mwezi ulikuwa bado mchanga, wa siku nne tu. Mwaka 2021 mwezi mpevu ulikuja siku nne baada ya mlipuko. Katika mara zote tatu, mlima haukungoja mwezi mpevu. Na katika tukio lile linalotajwa zaidi, kinachoitwa chanzo kilifika baada ya matokeo.

Wapo watakaotaja tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ambayo mawimbi yake yalifika hata pwani ya Somalia. Ni kweli kwamba siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Lakini siku hizo ulikuwa karibu na sehemu ya mbali kabisa ya njia yake, si ya karibu. Kwa upande mwingine, mwezi mpevu wa karibu hurudi mara tatu au nne karibu kila mwaka, nasi tunalala na kuamka salama. Siku zilizogongana na msiba tunazikumbuka. Zile zilizopita kimya hatuzihesabu. Mwanafalsafa David Hume aliandika katika karne ya 18 kwamba macho yetu hayauoni usababishaji wenyewe, bali huona jambo moja likifuata jingine, na mazoea yetu ndiyo yanayounganisha. Katika habari hii ya mwezi na mlima, hata huko kufuatana hakupo.

Nitoe mfano. Mtumbwi umepakiwa magunia na abiria kupita kiasi, maji yakawa yanakaribia ukingo. Kisha mama mmoja akapanda na kuku wake, mtumbwi ukazama. Je, tutasema kuku ndiye aliyeuzamisha? Uzito wake uliongezwa, hilo hatulikani. Lakini kuku huyo huyo, kwenye mtumbwi uliopakiwa vizuri, angevuka ziwa bila mtu kujua yupo. Mvuto wa mwezi ni kama kuku huyo. Mzigo halisi uko chini ya ardhi, katika miamba inayosukumana na moto unaokusanyika kwa miaka mingi, na mzigo huo mwezi haukuupakia.

Sasa nije kwenye swali la pili. Mlipuko wa volkano ni kazi ya maumbile, lakini maafa hayaletwi na maumbile peke yake. Yanategemea pia watu wamejenga wapi, nani aliwaonya, na kama njia ya kukimbilia ilikuwa wazi. Mwaka 2021 uji ulifika bila tahadhari kutolewa mapema. Iliripotiwa baadaye kwamba kituo kinachochunguza volkano hiyo kilikuwa kimepoteza ufadhili mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata intaneti ya kupokea taarifa kutoka kwenye vyombo vilivyowekwa mlimani. Hayo ni mambo ya bajeti, ya maamuzi na ya wajibu. Yana watu wanaoweza kuulizwa. Tukisema "ni mwezi," maswali hayo yote hufungwa, kwa sababu hakuna bunge linaloweza kuuita mwezi ujieleze. Ndiyo maana naona kwamba kutaja chanzo cha msiba ni tendo la kimaadili. Anayetaja chanzo anataja pia nani awajibike, na anayetaja chanzo kisichoulizwa humwachia huru yule aliyepaswa kuulizwa.

Kuna ubaya wa pili. Kila mwezi mkubwa unapokaribia, maonyo husambazwa kwenye simu kwamba ardhi itatetemeka. Usiku unapita, hakuna kilichotokea. Mtu aliyedanganywa hivyo mara nne kwa mwaka atakuwa na masikio gani siku onyo la kweli litakapokuja? Amri ya tarehe 27 Mei ilitaka mamia ya maelfu ya watu waondoke majumbani mwao kwa saa chache. Watu hutii amri kama hiyo wakiwa bado na imani na maonyo, na imani hiyo ni mali ya wote. Anayesambaza uvumi anaitumia bila ruhusa yetu.

Huenda mtu akanipinga: aliyepoteza nyumba na mtoto anahitaji faraja, na kumwambia kwamba ilikuwa nguvu ya mbinguni kunampunguzia uchungu. Pingamizi hili nalipa heshima. Siwezi kwenda msibani kubishana kuhusu kilomita. Lakini matanga yana siku zake, na baada ya hapo watoto waliobaki wataendelea kuishi chini ya mlima uleule. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tukiwaficha walio hai ukweli kwa ajili ya faraja ya leo, tunawaandalia kilio cha kesho.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwezi mpevu ulio karibu huvuta bahari na huinua ardhi kidogo, na anayekana hilo anakosea. Lakini hauna uwezo wa kutuletea maafa, na kuutwisha lawama ni kuwadhulumu walioumia. Sisi tunaosoma na kufundisha lugha inayosemwa pande zote mbili za mpaka huu tunaweza kufanya jambo moja dogo. Mtu akituambia kwa Kiswahili kwamba mwezi utaleta balaa, tumjibu kwa Kiswahili chepesi, kisha tumuulize pamoja naye swali linalofaa: je, vyombo vya kuupima mlima vinafanya kazi usiku wa leo?