Pikapu ya Baba Mdogo

Machame kuna pikapu inauzwa. Ni Peugeot 404 ya rangi ya maziwa, gia zake ziko kwenye usukani, na kwenye bampa ya mbele bado lipo tundu la kuingizia hendeli siku betri inapogoma. Haina kutu. Baba yangu mdogo, aliyekuwa mwenye nayo, amefariki, na sasa ni mali ya mjane wake. Wanunuzi ni wawili. Mmoja yuko Arusha, anakusanya magari ya zamani, na anatoa shilingi milioni 15. Mwingine ni kijana wa kijiji cha jirani anayesomba ndizi na majani ya ng'ombe. Amefika milioni 6 na kusema hana zaidi ya hapo. Ukoo umegawanyika. Tunabishana kama muuzaji ana haki, au hata wajibu, wa kuangalia kitu chake kinakwenda kufanya nini kikishatoka mikononi mwake.

Magari ya namna hii, mbele gari dogo na nyuma bodi, yana historia inayochekesha kidogo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1932 mke wa mkulima mmoja wa Victoria, Australia, aliiandikia kampuni ya Ford akiomba gari litakalowapeleka kanisani Jumapili na kubeba nguruwe kwenda sokoni Jumatatu. Mbunifu Lew Bandt akalichora, na mwaka 1934 likaanza kuuzwa. Wamarekani walikuja baadaye, Ford na Ranchero mwaka 1957, Chevrolet na El Camino yao ya 1959. Leo Ranchero iliyotunzwa vizuri hununuliwa na mtu ambaye hajawahi kumshika nguruwe mkia.

Kwetu kazi hiyo ilifanywa na Pijo. 404 ilitoka mwaka 1960, ikashinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Mkulima wa kahawa hakuhitaji tangazo jingine. Baba mdogo alinunua ya kwake kwa fedha za kahawa, zama zile KNCU ilipokuwa bado inamsomeshea mtu watoto.

Ilibeba kahawa hadi chama cha msingi. Ilibeba mbolea, mabati, saruji, mapipa ya mbege ya harusi, na bibi harusi mwenyewe akiwa mbele. Kina mama waliotoka kukata majani tambarare, ambao wangepanda mlima na mzigo kichwani, walipandishwa bila kuulizwa nauli. Wengi wa marehemu wetu waliofia KCMC walirudi kihambani kwa pikapu hiyo. Miaka ya uhaba wa mafuta, serikali ilipokataza magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, saa nane ilikuta ibada imekwisha na pikapu imeshafunikwa turubai.

Ndiyo maana wazee wanasema iende kwa kijana. Hoja yao wameitoa kwenye kihamba: kihamba hakiuzwi kwa mgeni, kwa kuwa wamelala humo waliotangulia. Naielewa, lakini naona imevutwa mbali mno. Kaburi halihamishiki. Gari lilitengenezwa ili liondoke.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi. Wanasema mtu wa Arusha hatatunza, ataficha. Baba mdogo hakuiacha pikapu ile ikae. Aliiwasha hata wiki isiyokuwa na mzigo, akaosha matope ya chini kabla hayajakauka, akabadilisha oili bila kungoja fundi amwambie. Alitunza ili kesho ifanye kazi. Gari linalosimama miaka, mipira hukauka, breki hushika, mafuta huoza kwenye tangi. Binamu zangu wa Dar es Salaam wanajibu kwamba kijana ataimaliza kwa miaka mitatu, na wanasema kweli: nimeona anavyopakia mikungu. Hata hivyo kuchakaa kwa kazi sioni kama ni aibu kwa pikapu. Ukinilazimisha kuchagua kati ya miaka mitatu ya majani na miaka thelathini ya kung'arishwa, nachagua majani.

Ila mimi nachagua bure. Hapo ndipo ninapowakatalia wazee, ingawa moyo wangu uko upande wao. Tofauti ya bei ni milioni 9, na anayeambiwa aiache ni mama mmoja mwenye magoti mabovu, ambaye kahawa haimlipi tena na ng'ombe wake ni mmoja. Sisi tuliobebwa ndio tunaotaka kumbukumbu. Yeye ndiye atakayeilipia. Deni la wale waliopandishwa na mizigo yao lipo, silikatai, lakini ni letu kwa marehemu. Hakuna namna ninayoijua ya kulihamishia kwa mjane wake tukaendelea kuliita heshima.

Mwenyewe aliulizwa mwisho, kama kawaida ya vikao vyetu. Akasikiliza mpaka mwenyekiti akamaliza kueleza maana ya urithi, kisha akasema: “Nami ningependa ibaki huku. Wanaotaka ibaki walete hiyo milioni tisa, nitampa kijana ufunguo leo hii.”

Mtu wa Arusha amekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi. Tumefungua kikundi cha michango kwenye WhatsApp, tuko watu 64. Mpaka naandika haya zimefika shilingi laki mbili na elfu arobaini.