Jicho na Hoja Dhaifu

Mara nyingi barazani husikika hoja hii: jicho haliwezi kuwa limefanyika kidogo kidogo, kwani nusu ya jicho haina faida, basi wasemao kuwa viumbe vimegeuka daraja kwa daraja ni waongo. Sote huitikia kwa furaha. Hata mimi nimepata kuisema.

Ndugu yangu, teremka pwani maji yakishakupwa. Mtazame mnyama wa kombe aliyeganda jabalini mfano wa kofia. Macho yake ni vishimo viwili visivyo na lenzi, walakini hupambanua nuru na kivuli. Katika bahari za mashariki yuko nautilasi, ambaye jicho lake ni tundu wazi liingialo maji. Naye huona sura hafifu. Kisha mtazame pweza: jicho lake lina lenzi kama letu, tena halina ile sehemu isiyoona tuliyo nayo sisi, kwani mishipa yake hupita nyuma ya utando upokeao nuru, na yetu hupita mbele. Basi nusu ya jicho ipo, na mwenyewe yamfaa. Mwaka 1994 wataalamu wawili wa Sweden, Nilsson na Pelger, walipiga hisabu wakaona kuwa kutoka kipande cha ngozi kihisicho nuru mpaka jicho lenye lenzi, havihitajiki hata vizazi 400,000.

Je, hayo yaidhuru imani? Hasha. Nani asemaye kuwa embe halikuumbwa na Mwenyezi Mungu, kwa sababu tumeliona likiwa ua, kisha likiwa changa? Kidhuricho ni kuitetea haki kwa neno ambalo mtoto wa skuli aweza kulivunja kwa kombe moja mkononi. Akilivunja, atadhani ameivunja dini. Na lawama itakuwa juu yetu tuliomfundisha.

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, aliwakuta Euclid na Ptolemy wakisema kuwa jicho hutoa miali. Hakuzuiwa na ukubwa wa majina yao. Aliijaribu nuru ipitayo tunduni, akathibitisha katika Kitab al-Manazir kuwa nuru ndiyo iingiayo jichoni.

Macho ni amana. Apewaye macho kamili akaogopa kutazama, amepitwa na yule wa jabalini, ambaye kwa vishimo vyake viwili huitumia nuru yote aliyojaaliwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.