Kikombe cha Saa Nane na Nusu

Mzee aliomba chai, nikampa chai. Ukimsimulia mtu wa kwetu Tanga habari hii ikaishia hapo, atakuuliza kosa liko wapi.

Ilikuwa Februari 2023, saa nane na nusu mchana, katika nyumba ya wazee mjini Hamilton, mkoa wa Ontario, Kanada. Nje theluji imekuwa tope, ndani joto la kukausha midomo. Zilibaki dakika 30 zamu yangu iishe. Mzee mwenyewe alikuwa Mskochi aliyevuka bahari angali kijana, akafanya kazi kwenye tanuru za chuma za Hamilton mpaka akastaafu. Kiharusi kilimwachia nusu ya mwili na nusu ya koo.

Hiyo nusu ya koo ndiyo iliyonishinda kuielewa. Kila alichokunywa kilitiwa kwanza unga maalumu wa kukifanya kizito. Kuna kipimo cha kimataifa kiitwacho IDDSI, chenye ngazi kuanzia 0 hadi 7, na vinywaji viko kati ya 0, ambayo ni maji ya kawaida, na 4. Mzee wangu alikuwa ngazi ya 2. Ukikijaza kinywaji cha ngazi hiyo kwenye bomba la sindano la mililita 10 ukakiachia kitiririke kwa sekunde 10, kati ya mililita 4 na 8 hubaki ndani. Kwa maneno ya jikoni, chai yake ilikuwa uji mwepesi wenye utelezi, rangi ya chai lakini harufu hakuna.

Akausukuma uji ule. "Binti," akasema, "nimekunywa chai tangu sijaanza shule. Hii si chai. Nipe kikombe kimoja cha kweli. Kimoja tu."

Nikamwona bibi yangu. Miaka mitatu alilala kitandani nyumbani kwetu Ngamiani, nami ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikamgeuza, nikamfulia mashuka. Chai yake ya tangawizi hakuikosa hata siku ya mwisho. Kwetu kumnyima mgonjwa anachokitamani ni jambo la kuogopa, maana hujui kesho yake.

Niliposikia kwamba Ontario watu hulipwa kwa kuangalia wazee, na kwamba kazi hiyo ina jina lake, PSW (personal support worker), na cheti chake, nilicheka. Kusomea nini? Lakini mlangoni huingii bila karatasi. Kanuni za nyumba za wazee za Ontario zinataka mafunzo yasiyopungua saa 600, darasani na kwa vitendo pamoja, na vyuo vingi huyapanga kwa mihula miwili. Kabla hujapelekwa kwa mzee yeyote unatakiwa ripoti ya polisi ya wanaohudumia watu wasioweza kujilinda, kipimo cha kifua kikuu, rekodi ya chanjo, na mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kuushtua moyo uliosimama. (Wapo wanaotangaza cheti cha wiki mbili. Ukiwaona, weka pochi yako mfukoni.) Nilisoma, nikafaulu. Ila kuna anayesomea kazi na anayesomea karatasi, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa yule wa pili. Mkono ulikuwa ukiandika, moyo ukisema haya yote bibi yangu alishanifundisha.

Darasani walitukaririsha mambo matano ya kumpa kila mzee: heshima yake, kujitegemea kwake, chaguo lake, faragha yake na usalama wake. Siku ile nilikumbuka la tatu nikasahau la tano.

Chai niliitengeneza kwenye chumba cha wafanyakazi, kwa majani yangu mwenyewe ya pakiti, maziwa kidogo na sukari vijiko viwili. Niliipooza. Niliporudi alikuwa ameegemea kiti chake kilicholazwa nyuma, na hata mgongo wa kiti sikuunyanyua. Funda la kwanza likapita, akafumba macho. La pili likapita. La tatu akapaliwa.

Sote tumewahi kupaliwa. Mtu mzima wa afya hukohoa, hutoa machozi, hucheka, basi. Ukimeza, kifuniko kidogo huiziba njia ya hewa kwa nukta moja ili kinywaji kishukie tumboni. Kwa aliyepigwa na kiharusi kifuniko hicho huenda kikachelewa, na kitu chepesi kama chai hakimsubiri. Uji hushuka taratibu, ukilipa koo nafasi. Kazi ya ule unga ni hiyo tu, na niliijua. Ilikuwa kwenye mtihani.

Alikohoa mara nne au tano, uso ukamwiva, kisha akatulia. "Hiyo ndiyo chai," akasema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu anayezungumza huku akisukutua. Hilo nalo lilikuwa kwenye mtihani: sauti yenye majimaji baada ya kunywa ni dalili, mwite nesi. Nesi alikuwa umbali wa milango minne.

Nikaenda kukiosha kikombe. Nilikiosha mara mbili. Halafu nikasimama mbele ya kompyuta ya ukutani pale korido, nikabonyeza jina lake, nikaandika: 14:30, amekunywa mililita 150, hakuna tatizo. Mwenzangu wa zamu ya jioni akaniuliza kama kuna la kusema. Nikamwambia hamna. Saa tisa na robo nilikuwa ndani ya basi.

Asubuhi yake kitanda kilikuwa kitupu, shuka limeshatolewa. Homa ilimpanda usiku, pumzi zikawa za haraka, na kabla hakujapambazuka gari la wagonjwa likamchukua. Nimonia.

Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu pale kazini, ana miaka mingi kwenye kazi hii kuliko sisi sote, nasi tulimwita Mama tu. Aliniita kwenye chumba cha mashuka, akafunga mlango.

"Dada, jana ulimupatia nini ule muzee?"

Nikanyamaza.

"Nilikuta majani ya chai mu pubeli. Wende useme weye mwenyewe, mbele bakuulize." Pubeli kwao ni pipa la taka.

Nilikwenda. Nilimkuta nesi msimamizi ameketi na maandishi yangu yamefunguliwa mbele yake, nikamweleza yote, hata habari ya kukiosha kikombe mara mbili. Nilijiandaa kupigiwa kelele kwa sababu ya chai. Alichoniuliza kilikuwa kingine: kwa nini hukusema? Angejua saa nane na nusu, angemsikiliza mapafu papo hapo, wa jioni wangempima joto na pumzi kila baada ya muda, daktari angepigiwa simu mapema. Badala yake, usiku ule mzima waliokuwa zamu walimtazama mzee mwingine kabisa, yule wa kwenye maandishi yangu, asiye na tatizo.

Daktari hakusema kwamba kikombe kile ndicho kilicholeta nimonia. Mtu wa kiharusi anaweza kuipata kwa mate yake mwenyewe. Hilo halikunipunguzia kitu, wala halikumpunguzia kitu msimamizi. Sheria ya Ontario ya huduma kwa wakazi wa nyumba za wazee, iliyopitishwa 2021 na kuanza kutumika tarehe 11 Aprili 2022, inataka yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mkazi amehudumiwa visivyo na akadhurika, au yumo hatarini kudhurika, atoe taarifa serikalini mara moja. Taarifa ikapelekwa. Mimi nikasimamishwa siku tano bila malipo, kisha nikarudishwa kwenye mafunzo ya kulisha, nikiwa nimeketi benchi moja na wanafunzi waliokuwa hawajagusa mgonjwa.

Wadogo zangu hunipigia simu kutoka Nairobi, Dar na Goma kuuliza habari za kazi hii, na swali la kwanza huwa mshahara. La pili huuliza kazi yenyewe ni nini, na wakijibiwa "kuogesha, kulisha, kubadilisha pampasi" husema aa, hiyo naiweza. Na kweli wataiweza. Mikono ya kwetu inajua kuuguza. Lakini kuogesha kwenyewe kuna sheria ndani yake: si chini ya mara mbili kwa wiki, kwa namna anayoitaka mzee, kwa bafu au kwa bomba la mvua, na maji ya bomba yasizidi nyuzi 49, maana ngozi ya mzee huungua mapema na aliyepoteza hisia hatakwambia. Kumsafisha mwanamke ni kutoka mbele kwenda nyuma. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila saa mbili, asije akaota vidonda vya kulalia. Mashine ya kunyanyulia haiendeshwi na mtu mmoja hata kama una nguvu za kuli wa bandarini; nimeona vijana wenye misuli wakijaribu, na viuno vyao ndivyo vilivyojibu. Dawa si zako kugawa, labda nesi akukabidhi kazi hiyo rasmi na akufundishe. Mtungi wa oksijeni huugusi kuuongeza wala kuupunguza. Mwenye kisukari humkati kucha za miguu.

Yote haya yako kwenye mpango wa huduma wa kila mzee. Unausoma kabla hujamsalimia, kwa sababu mpango wa juzi si lazima uwe wa leo. Mimi niliusoma siku ya kwanza, nikauona wa kawaida, sikuufungua tena.

Kinachosahaulika katika maelezo ya kazi hii ni kuona na kusema. Daktari wa nyumba ya wazee hawezi kukaa na mkazi mmoja saa nzima, na nesi ana dawa za korido nzima. Anayemvua mzee soksi kila jioni ni wewe. Ukiona kisigino kimekuwa chekundu leo na jana hakikuwa, hiyo ni habari. Sahani iliyorudi nusu siku tatu mfululizo ni habari. Bibi mpole aliyeanza kutukana ghafla huenda ana maambukizi ya mkojo. Wewe si wa kupima wala kuita ugonjwa jina. Wewe ni wa kwenda kumwambia nesi sasa hivi, kisha uandike ulichokiona kama ulivyokiona.

Na hapa ndipo kosa langu lilipokuwa na mizizi mirefu kuliko siku moja. Yule Mskochi alikuwa amezikataa zile chai nzito kwa wiki kadhaa. Sote tulijua. Wengine waliandika kwamba amekataa, wengine walizimwaga wakaandika kwamba amekunywa, na mimi niliwahi kufanya yote mawili. Hakuna aliyekwenda kwa nesi kusema: mzee huyu anashinda na kiu, anachukia unga huu, kuna njia nyingine? Huruma niliyokuwa nayo ningeipeleka huko, ingekuwa na watu wa kuifanyia kazi. Niliibeba peke yangu mpaka chumba cha wafanyakazi.

Wakati ule PSW hakuwa na daftari la kumsajili. Daftari lilifunguliwa Desemba 2024, chini ya mamlaka mpya ya mkoa, na kujisajili ni kwa hiari. Siku hizi wanafunzi huniuliza kama lina maana, kwa kuwa si lazima. Mimi nimejisajili. Nilitaka awepo mtu mwenye haki ya kuniuliza.

Mzee alirudi baada ya siku kumi na moja, amekonda, mashavu yameingia ndani. Safari hii nilisema. Nilimweleza nesi habari za chai zilizomwagwa, za kwangu na za wengine, na wapo ambao hawakunisalimia mwezi mzima kwa ajili hiyo. Akaitwa mtaalamu wa kumeza. Mtaalamu huyo, mama mrefu, alikaa na mzee karibu saa nzima na vikombe vyake vidogo, akimwekea vidole shingoni kila anapomeza. Mpango ukabadilika. Wakati wa kula, vinywaji vizito kama zamani. Kati ya mlo na mlo, ameze maji matupu ya kawaida, kidogo kidogo, ameketi wima, na kinywa kiwe kimesafishwa kwanza, kwa sababu maji safi yakipotea njia kidogo mapafu huyastahimili, ila yakibeba uchafu wa meno hushuka na maradhi. Chai hapana. Maziwa na sukari ndiyo kabisa.

Siku ya kwanza ya mpango mpya nilikuwa zamu mimi. Niliunyanyua mgongo wa kiti mpaka akaketi kama mtu aliyeko mezani. Nikampiga mswaki, meno ya juu, ya chini, ulimi, naye akilalamika kwamba ninasugua kama mtu anayesafisha sufuria. Nikachota maji kijiko kimoja cha chai. Akameza. Nikasubiri.

"Sema aaa."

"Aaaa," akasema, na sauti ilikuwa kavu.

Nikampa cha pili, cha tatu, cha nne, na kila mara nikamwambia aseme, akasema huku akinikodolea macho. Kisha nikaenda kwenye kompyuta ya ukutani. 14:30, maji vijiko vinne, ameketi wima, hakupaliwa, sauti safi. Kijiko cha tano amekataa. Amesema anangoja chai.