Fedha zikipotea kwenye simu, tunamtuhumu nani?

Hapa kwetu Songo Mnara pana magofu ya mji wa kale ambayo, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wataalamu wameokota humo sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa. Mwenye kuiba sarafu ile ilimlazimu afike ilipo. Fedha za simu, zilizoingia nchini mwaka 2008, huibwa na mtu asiyejua hata kisiwa chetu kiko wapi. Lakini sisi bado twamtafuta mwizi mlangoni kwa jirani.

Mama yangu mdogo, mkulima wa mwani, alikuta salio lake limepungua shilingi 140,000. Namba yake ya siri aliijua kijana wa jirani, aliyekuwa akimsaidia kutuma na kutoa. Kabla ya magharibi kitongoji kilishahukumu. Nakiri kuwa nami nilisema, "Nani mwingine?" Kijana aliapa, hakusikilizwa. Mama yake akaacha kwenda kwenye mwani na wenzake.

Siku ya tatu ndipo tulipopanda mashua kwenda Kilwa Masoko. Taarifa ya miamala ilionyesha kuwa fedha zilihamishwa saa tano asubuhi kwenda namba tusiyoijua. Saa hiyo kijana alikuwa baharini, na simu ilikuwa mkononi mwa mama mdogo. Hapo akakumbuka: alipigiwa na mtu aliyejitia kuwa wa huduma kwa wateja, akamtajia namba ya siri na tarakimu za ujumbe ulioingia. Fedha zilikuwa zimeshatolewa.

Atasema msemaji: aliyeibiwa si ana haki ya kushuku? Naam, ana haki ya kuuliza. Lakini kuuliza si kuhukumu. Surat al-Hujurat imetukataza dhana nyingi na ikatuamuru kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na katika sheria yetu, mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi.

Basi la kwanza ni kupiga simu kwa kampuni saa ile ile ili akaunti izuiwe, kisha kubadili namba ya siri, kuitisha taarifa ya miamala na kwenda polisi. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma hupelekwa 15040. Pengine fedha zetu zilitolewa dakika ile ile. Lakini kwa siku tatu hatukumpa yeyote nafasi ya kuzizuia, kwa kuwa tulikuwa tunashughulika na mtoto wa watu.

Kosa jingine ni letu wanawe. Sisi tunaojua kusoma tulimwachia jirani kazi yetu, kisha wema wake ndio tukaufanya ushahidi dhidi yake. Namba ya siri ni amana ya mwenyewe. Wajibu wetu ulikuwa kumfundisha aitumie peke yake, na kwamba hata kampuni haimwulizi.

Kwa kuwa tulimtuhumu hadharani, tulimwomba radhi hadharani, baada ya sala ya Ijumaa. Alitusamehe. Lakini tangu siku hiyo hashiki simu ya mtu, na wazee wasioona vizuri hawana wa kuwasomea ujumbe. Hasara hiyo haikuletwa na tapeli. Tumeileta wenyewe.