Chini ya Mretemu

JUMANNE

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alimwomba Bwana nini? Bwana alimpa nini badala ya kile alichoomba?

Juu ya Karmeli Eliya alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Aliomba, moto ukashuka, na baada ya ukame wa miaka mvua ikanyesha. Kisha ukaja ujumbe wa Yezebeli. Mtu yule yule aliyemkabili mfalme bila woga akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja. Aliketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Wapo washiriki wanaolijua jangwa hilo. Mama anaongoza nyimbo Sabato asubuhi, na jioni hana nguvu hata ya kuwasha jiko. Kijana amekosa usingizi kwa majuma mengi, wala haoni sababu ya kupambazuka. Madaktari huuita ugonjwa huu sonona. Wengi huuficha, kwa sababu wameambiwa kwamba Mkristo wa kweli hahuzuniki, au kwamba waongeze tu kufunga na kuomba. Lakini Eliya hakupungukiwa na maombi. Hata chini ya mretemu alikuwa bado anaomba. Musa naye aliwahi kuomba kufa (Hesabu 11:15), na Yeremia aliilaani siku aliyozaliwa (Yeremia 20:14–18). Mungu hakumtupa hata mmoja wao.

Malaika aliyetumwa kwa Eliya hakuja na karipio. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Alipomwamsha mara ya pili, alikiri kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu za nabii. Mungu alianza na mwili uliochoka. Basi, chakula, usingizi na matibabu si dalili za imani haba. Mshiriki anayetumia dawa za kisukari haambiwi kwamba hamwamini Mungu. Anayetibiwa sonona naye asiambiwe hivyo.

Soma 1 Wafalme 19:9–18. Ni nini kinachoonyesha kwamba huzuni ya Eliya haikuondoka mara moja?

Huko Horebu Bwana alimwuliza Eliya swali moja mara mbili, na mara zote mbili alimwacha aseme yote yaliyokuwa moyoni. Jibu la pili, lililotolewa baada ya ile sauti ndogo ya utulivu, ni lile lile la kwanza: amebaki peke yake. Bwana hakuchoka kumsikiliza. Alimpa kazi ya kufanya, akamjulisha kwamba wako watu 7,000 wasiomsujudia Baali, tena akamwonyesha Elisha, mwenzi wa kutembea naye. Na lile ombi la kufa? Halikujibiwa kamwe. Eliya alipandishwa mbinguni akiwa hai (2 Wafalme 2:11). Chini ya mretemu hakuweza kuyaona hayo, lakini Mungu aliyaona.

Anayesumbuliwa na wazo la kufa asikae nalo peke yake. Amwambie mtu leo hii: ndugu, mchungaji, mzee wa kanisa au daktari. Naye anayeambiwa asishtuke wala asihubiri. Akae naye, asimwache peke yake, amsindikize hospitalini, na siri yake isigeuzwe kuwa habari ya kanisa. Kwa mkono wa mtu kama huyo, Bwana bado hupeleka mkate na maji jangwani.

Ni nani katika darasa lako la Shule ya Sabato ambaye hajaonekana kwa majuma kadhaa, au anayekuja lakini amenyamaza? Juma hili utamfanyia nini kabla ya kumpa ushauri wowote?