Maji ya Mwalimu: Nani Anayejitolea?

Wahenga wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni, nazo hazipatani. Ya kwanza yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu wa Kiswahili huzifundisha zote mbili, pengine katika kipindi kimoja, na wanafunzi huziandika daftarini bila ya kuuliza ipi ndiyo ya kufuata. Sisi nasi tulizifundisha hivyo kwa miaka mingi. Hatukutambua kwamba kati yake pana swali zito la maadili mpaka tulipokaa nyumbani kwa watu, tukala chakula chao, tukafundisha watoto wao, na huku tukiitwa walimu wa kujitolea.

Mahali penyewe ni Kitswamba, katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, chini ya miteremko ya milima ya Rwenzori. Wenyeji wake wengi ni Wakonzo, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kinande kinachosemwa ng'ambo ya mpaka, katika Kongo. Kiswahili hakikuwa kigeni huko kama kilivyokuwa katika sehemu nyingine za Uganda. Kiliingia kwa njia ya migodi ya Kilembe, iliyoanza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na ambayo ilikusanya vibarua wa makabila mengi. Tena kinaingia hata leo kwa njia ya soko la Mpondwe, karibu na Bwera, ambako maneno huvuka mpaka pamoja na vitenge na mafuta ya mawese. Kwingineko nchini, wengi walikiona kuwa lugha ya askari, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuwaondolea watu fikira hiyo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi ulitangulia, walimu wakawa hawajapatikana wa kutosha. Ndipo watu wa namna yetu walipohitajiwa.

Tulikuwa wawili, wote kutoka upande wa Tanga, na tulikaa mihula miwili katika nyumba moja. Jioni ya kwanza Baba mwenye nyumba alituuliza swali ambalo hatukulitazamia: kila mmoja wetu alikuwa mtoto wa kiume wa ngapi kwao? Kwa Wakonzo jina la mtoto huonyesha nafasi yake ya kuzaliwa. Baluku ni wa kwanza, Bwambale ni wa pili, Masereka ni wa tatu. Kwa wasichana wako Masika, Biira na Kabugho, na wengine hufuata. Mmoja wetu alijibu kuwa ni wa pili, mwingine kuwa ni wa tatu. Basi kabla chakula hakijaletwa tulikuwa tumekwisha kuwa Bwambale na Masereka. Tulifurahi sana, tukaandika habari hiyo katika barua za kwetu kama mtu anavyoandika juu ya zawadi. Wala haikutupitikia kwamba jina la mtoto wa nyumba huja pamoja na kazi za mtoto wa nyumba.

Hapa yafaa tulitazame neno lenyewe. Mzizi wa kujitolea ni toa. Tukilitia katika kauli ya kutendea tunapata tolea, na kauli hiyo hudai kwamba yuko mtu anayetolewa kitu. Lakini mara tunapotia -ji-, nafasi ile iliyokuwa wazi hujazwa na mtendaji mwenyewe. Anayetoa ni yeye, kinachotolewa ni yeye. Mpokeaji hana mahali pa kukaa katika kitenzi hiki isipokuwa kwa hisani ya kihusishi: twajitolea kwa ajili ya fulani. Na yule anayempokea mpokewaji, akampa kitanda na maji ya kuoga, hana mahali kabisa. Hatusemi kwamba sarufi ndiyo iliyotukosesha. Wenye lugha nyingine hutenda makosa yayo hayo kwa vitenzi vingine. Twasema tu kwamba tuliingia Kitswamba na neno linalomtazama mtu mmoja, nasi tukadhani ndiye peke yake aliyekuwa akitoa.

Chama kilichotupeleka kilimpa mwenye nyumba fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya chakula. Kwa hesabu ya karatasi fedha hizo zilitosha unga wa posho na maharagwe. Lakini hakuna mama wa kule atakayempa mgeni posho na maharagwe siku thelathini. Ulipikwa wali, uliletwa samaki wa ziwani, ilinunuliwa sukari, na bundu la muhogo, ambalo ndilo chakula chao hasa, lililetwa mezani kwetu kwa kuombwa radhi. Yote haya tuliyaona. Mtu huona kilicho katika sahani. Kisichoonekana ni kile kilichokwisha kutendwa kabla hajaamka.

Katika kidato cha kwanza tulikuwa na mwanafunzi ambaye tutamwita Biira, kwa kuwa jina hilo huchukuliwa na maelfu ya wasichana wa nchi ile na halimfichui mtu. Alikuwa binti wa nyumba tuliyokaa. Kiswahili kilikuwa kipindi cha kwanza siku tatu kila juma, na katika majuma mawili Biira alichelewa mara nne. Sheria ya darasa tuliiweka sisi wenyewe: anayechelewa atang'oa nyasi uwanjani mpaka kipindi kiishe. Aling'oa nyasi mara nne wala hakusema neno. Hatukutaka kuonekana tunampendelea mtoto wa mwenyeji wetu, na kwa hakika tulijisifu moyoni kwa kutompendelea. Mwishoni tuliona ni wajibu wetu kumweleza mzazi. Tukamweleza wakati wa chakula cha jioni, mbele ya mama na watoto, kwa sauti ile ya upole ambayo mwalimu huitumia anapojua kuwa haki iko upande wake.

Pakawa kimya. Kisha Baba akasema, kwa Kiswahili chake cha mpakani:

"Mayi iko mbali, mwalimu."

Maji yalikuwa mbali, bondeni. Kabla sisi hatujafika, nyumba ilitumia madumu matatu ya lita 20 kwa siku, na watoto waligawana safari. Baada ya sisi kufika yaliongezeka mawili, la kuogea Bwambale na la kuogea Masereka, na haya yalichotwa alfajiri ili tuyakute mlangoni tuamkapo. Mchotaji alikuwa Biira. Dumu lililojaa ni kilo ishirini kichwani, na mlima ni kupanda. Kwa maneno mengine, mtoto alichelewa somo letu kwa sababu ya maji yetu, nasi tukamwadhibu kwa kuchelewa. Madumu yale tuliyakuta mlangoni kila asubuhi kwa mwezi mzima, na hatukujiuliza hata siku moja yamefikaje.

Mtu atasema jambo hili ni dogo na dawa yake ni rahisi: walimu wachote maji yao wenyewe. Ndivyo tulivyosema sisi usiku ule ule. Mama alikataa. "Batu batasema nini?" aliuliza. Na swali lake halikuwa la majivuno. Heshima ya nyumba iliyopokea wageni ni mali, labda ndiyo mali pekee ambayo nyumba ile ilikuwa nayo kuwashinda majirani zake. Mgeni anayepita njiani na dumu begani anaitangaza nyumba kuwa imeshindwa. Tukikubali kuhudumiwa, tunamlemea mtoto. Tukikataa, tunamvunjia mama heshima. Tukinyamaza, tunaendelea kula.

Usiku huo hatukulala mapema. Bwambale alishika rai kwamba tuhame, tukapange chumba katika kituo cha biashara barabarani, tulipe kodi, tununue maji kwa fedha. Hapo hatutadaiwa na mtu, wala mtu hatatudai. Alikumbusha habari za Ivan Illich, yule padri aliyewahutubia vijana wa Kimarekani waliokuwa wakijitolea huko Mexico mwezi wa Aprili 1968, akawaambia kwamba wakitaka kuja waje kutazama na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Masereka alijibu kwamba Illich alisema na watu ambao hawakuitwa na mtu, hali sisi shule ilituita. Na tena kwamba kulipa kodi ili usidaiwe ni namna ya kununua ruhusa ya kutojua. Maji ya kununua nayo huchotwa na mtoto wa mtu. Tofauti yake ni kwamba mtoto huyo hatakuwa darasani mwako, kwa hiyo hutamwona akichelewa.

Tulikumbuka pia kampeni ya kufuta ujinga katika Tanzania. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1975 walikuwa wamepungua hadi asilimia 39, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na walimu wa kujitolea. Twapenda kuwataja watu hao katika hotuba. Lakini wengi wao walikuwa wanakijiji waliofundisha jirani zao jioni, na asubuhi walikwenda shambani pamoja nao. Hakuna aliyehitaji kuwapa jembe siku ya tatu. Walikuwa nalo kabla ya chaki. Kujitolea kwao hakukumtwika mtu mwingine mzigo, au kama kulimtwika, alikuwa mke au mtoto wa mwalimu mwenyewe, na hilo pia lastahili makala yake.

Pana jambo la pili, nalo lilituuma kuliko la kwanza. Lile neno la Baba, mayi, sisi tulikuwa tumelikata kwa wino mwekundu katika daftari la Biira siku chache kabla. Tulilikata pamoja na batoto na batu, tukaandika pembeni kwamba hayo si Kiswahili. Sasa tulikuwa tumeketi mezani tukiambiwa ukweli kwa Kiswahili hicho hicho, na kwa hakika hatukuhitaji mkalimani. Kama mayi si neno, basi tulichokisikia usiku ule kilikuwa nini?

Hatutaki msomaji atufahamu vibaya. Mtihani huandikwa kwa Kiswahili sanifu, na mwalimu anayemwachia mtoto aandike mayi katika karatasi ya mtihani amemdanganya. Usanifishaji ulioanzishwa na ile Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 una faida zake, na sisi tunakula kwa faida hizo. Lakini kuna umbali kati ya kumwambia mtoto kwamba neno hili halitumiki katika mtihani na kumwambia kwamba si Kiswahili. La pili humfikisha mtoto nyumbani akiwa na habari kwamba baba yake hajui kusema. Mwalimu anayekaa hotelini hamwoni mtoto anapoifikisha habari hiyo. Sisi tulikuwa tumekaa hapo hapo, kati ya mtoto na baba, na chakula cha baba kikiwa mikononi mwetu.

Darasani tuliandika maneno yote mawili ubaoni, maji na mayi, tukawaomba wanafunzi waseme kila moja hutumika wapi na nani hulitumia. Kipindi kiliisha kabla majibu hayajaisha. Mwalimu mmoja wa shule, mtu mzuri na mwenye maarifa kuliko sisi, alituonya kwamba tunawachanganya watoto. Huenda alisema kweli. Katika majaribio ya mwisho wa muhula wawili waliandika mayi, na tulilazimika kuwapunguzia alama.

Na maji yenyewe? Aliyeamua alikuwa Baba. Alisema kwamba nyumba ile ilikuwa na Bwambale na Masereka, na kwamba yeye hajapata kuona mtoto wa nyumba akikatazwa kuchota maji. Mama hakumjibu, ila alitupa sharti: tuchote jioni, giza likianza kuingia, tena kwa njia ya nyuma ya migomba. Tulifanya hivyo. Mara ya kwanza tulimwaga nusu ya maji njiani, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini, na ilikuwa mara ya kwanza Biira kutucheka mbele yetu. Akatuonyesha namna ya kukunja kata ya majani ya migomba kichwani. Adhabu ya nyasi tuliifuta kwa darasa zima. Hata hivyo Biira aliendelea kuchelewa, si sana, lakini alichelewa. Yalikuwako madumu mengine ambayo hayakuwa yetu, na hayo hatukuwa na shauri nayo.

Bwambale mpaka leo anashikilia kwamba tulipaswa kuhama siku ile ile. Masereka anashikilia kwamba kama tungehama, kitu pekee ambacho tungejifunza Kitswamba ni bei ya chumba. Tumeyazungumza mara nyingi, na katika makala haya tumejaribu kusema kwa kauli moja pale tu tunapopatana.

Shule zilipofungwa tulifungasha mizigo yetu. Alfajiri ya siku ya kuondoka tuliamka kabla ya jogoo, tuteremke bondeni tuchote maji ya mwisho kwa ajili ya nyumba. Tulipofungua mlango tuliyakuta madumu mawili pale pale yalipokuwa yakiwekwa zamani, yamejaa, na ardhi kuyazunguka ilikuwa bado mbichi.